Mwisho wa Laini

Kilomita mia mbili na arobaini za waya
toka kituo kikuu hadi ukingo huu wa Gobi,
na umeme ukifika umechoka,
kama mgeni aliyekuja kwa miguu:
anasalimu, anatafuta pa kuketi.

Hapa wamesimika paneli elfu nne
zikitazama kusini juu ya changarawe na barafu,
na kontena jeupe lenye vigeuzi sita.
Ndani yake Nomintuya, kompyuta magotini,
glavu zimekatwa vidole,
chai ya chumvi imepoa.

Jua hutoa mkondo mnyoofu,
usiojua kupanda wala kushuka.
Gridi haitaki unyoofu.
Gridi ni shairi la kale, mizani hamsini kila sekunde,
na anayetaka kuingia sharti ashike kina
kabla hajafungua kinywa.
Hivyo kigeuzi husikiliza kwanza.
Kisha hufungua na kufunga milango yake
mara elfu nane kwa sekunde,
kikichanja mkondo vipande vipande,
na koili na kapasita huvisugua vile vipande
hadi viwe wimbi.

Lakini wiki nzima taa za mji zinapepesa.
Tsermaa wa kiwanda cha sweta amepiga simu mara tatu.
Mara ya tatu hakusalimu.
"Mashine imesimama katikati ya bega.
Bega, binti! Hii ni sufu ya mbuzi, si katani ya magunia."

Nomintuya anaitazama grafu:
volti zapanda, zashuka, mara saba kwa sekunde,
na juu ya wimbi kuna mikunjo midogo,
kama mtu anayeghani huku anatafuna.
Waliomtangulia waliandika daftarini: *Ongeza kasi.*
Kigeuzi kiifuate gridi upesi, upesi zaidi.
Na waya ni mnyonge.
Kikisukuma, unayumba;
kikiona umeyumba, kinaukimbilia;
kumbe kinafukuza mtikisiko wake chenyewe,
mbwa na mkia.

Mwongozo wa mtengenezaji hauna methali.
Ungekuwa nayo, ingekuwa ile ya haraka.

Anapunguza namba moja, toka arobaini hadi tisa.
Anangoja.
Grafu inajikunyata, inajinyoosha,
inakuwa kilima, bonde, kilima, bonde,
na pepesi la taa ya kontena, alilokwisha kulizoea,
analitambua kwa kuwa halipo.

Jumanne barafu iliganda juu ya nyaya
na nguzo ya mia moja na kumi ikalala.
Kufikia saa sita mchana mbingu ilikuwa imetakata,
paneli zimefurika mwanga,
na mji mzima umezimika.

Simu ya nne.
"Jua lote hilo, na mnanizimia?"

Angemweleza vipi?
Kwamba kigeuzi kiliita, hakikuitikiwa,
na kabla sekunde ya pili haijaisha kikajifunga,
kwa maana shairi lisilo na mwitikaji
huenda linaghaniwa ndani ya mwili wa mtu.
Alisema tu:
"Kuna mtu juu ya waya."

Kimya.
"Nani?"
"Lhamsuren."
"Yule wa viatu vya kuazima?"
"Huyo."
Mashine za sweta hazikuunguruma, ndiyo maana
Nomintuya aliweza kumsikia akipumua.
"Basi mwambie asiharakishe."

Saa kumi na moja jioni wimbi lilirudi.
Vigeuzi havikurukia.
Dakika tano nzima vilisikiliza,
kisha kimoja kikaingia, kwa sauti ya chini,
halafu kingine, jua likiwa limebakiza vidole viwili.

Lile sweta lina alama begani:
uzi umebana, ukalegea, ukabana, mara saba.
Tsermaa hakulifumua.
Alimpa Lhamsuren,
akamdai nusu bei.